Kiti cha Mwalimu

3 Mei

Mama,

Shikamoo. Huku hatujambo, mkweo na watoto wanakusalimu.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu nikitaja gari tu unaniambia mtandao mbaya, halafu unakata. Barua huwezi kuikata.

Nimeamua gari la baba liondoke. Nimempata mnunuzi wa vyuma chakavu, yuko tayari kuja kulivuta. Mama, mimi kazi yangu ni hiyo. Kila siku kampuni ya bima inanituma nikaangalie magari yaliyopata ajali, na ni mimi ninayeandika kama litatengenezwa au limekufa. Lile la baba nisingehitaji hata kulizunguka. Lina umri mkubwa kuliko mimi. Sakafu imetoboka, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya, na tangu baba afariki limekuwa banda la kuku wa jirani.

Kuna na jambo jingine. Huyo jirani amenipigia simu. Anasema kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu unaingia kwenye gari, unakaa kwenye usukani, unazungumza peke yako mpaka saa moja. Baada ya simu ile sikufanya kazi tena siku hiyo. Miaka mitatu ni mingi, mama. Sikulaumu, lakini kidonda unachokikuna kila siku hakiwezi kupona.

Usafiri usikutie wasiwasi. Nitapatana na dereva wa teksi awe anakupeleka kliniki na sokoni. Kazi yako itakuwa kumpigia tu.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho na ya pili kwa miwani, na jibu ni lile lile. Gari haliondoki.

Kwanza tumalizane na jirani. Kuku wake wanalala chini ya gari langu bila ruhusa, yeye anachungulia juu ya ukuta wangu bila haya, halafu mshtakiwa ni mimi. Ninachokifanya ndani ya gari asubuhi ni shughuli yangu. Sijarukwa na akili. Ningekuwa nimerukwa ningekubali teksi yako.

Pili, heshimu unachokiita chuma. Baba yako alifundisha watu udereva miaka thelathini na moja kwa gari hilo hilo. Nusu ya wanaoendesha mjini hapa walijifunzia humo: dereva wa gari la wagonjwa, mwalimu wako mkuu, hata yule trafiki anayependa kusimamisha watu kwenye mzunguko. Wanafunzi waliliita Kifaduro kwa jinsi linavyokohoa asubuhi. Linakohoa, ndiyo. Mimi pia nakohoa asubuhi, na sijasikia ukiniitia mtu wa kunivuta.

Mimi tabia zake nazijua. Kioo cha mlango wa mbele kinapanda ukikisaidia kwa kiganja. Honi inalia yenyewe ukikata kona ya kushoto, kwa hiyo tumesalimiana na watu wengi tusiowajua. Kwenye kiti cha mwalimu kuna breki na klachi nyingine, za kumwokoa mwanafunzi anapochanganyikiwa. Ndicho kiti nilichokalia kila tulipotoka, miguu nimeikunja upande kama niko mkekani, maana baba yako alikuwa haishi kuniambia, "Mama, miguu kando." Thelathini na moja, mwanangu. Goti langu la kulia mpaka leo linauma kwa ajili hiyo, na nalipenda lile gari hivyo hivyo.

Nimeshona sare za shule kwa cherehani moja tangu kabla hujazaliwa, na hakuna aliyeniambia niitupe kwa kuwa ni ya zamani. Usiniandikie gari langu limekufa.

Mjukuu wangu mkubwa mwambie gauni lake liko tayari.

Mama yako

14 Mei

Kaka Fundi,

Habari za gereji. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiye mtu ambaye mama anamsikiliza linapokuja suala la gari.

Nataka gari la baba liondoke, naye amekataa. Kadi ina jina langu, baba aliihamisha nilipopata leseni, kwa hiyo sivunji sheria. Ila sitaki kugombana naye. Nakuomba uende ukalikague mbele yake. Fungua boneti, tikisa kichwa, mwambie injini imekwisha. Kama bado linawaka, chomoa kitu kidogo, utajua wewe kipi, ukitie mfukoni. Akiona haliwaki atakubali mwenyewe.

Asijue kwamba tumeandikiana.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Samahani kwa madoa, mikono ya gereji haioshwi ikatakata.

Ombi lako nimelisoma nikiwa chini ya lori, nikajigonga kichwa. Huyo mama ndiye aliyenishonea suti ya harusi, tena alinipima mara moja tu na ikanikaa. Mtu wa macho ya namna hiyo utamdanganyaje?

Baba yako alinifundisha kuendesha kwa gari hilo. Nilikuwa na majivuno, najua kila nati ya injini, nikadhani kuendesha ni hivyo hivyo. Alinishusha njiani mara tatu nikarudi kwa miguu. Leo unaniambia nifungue boneti ya Kifaduro nitikise kichwa. Nikitikisa itakuwa kwa kushangaa, maana injini ile ni nzima. Bodi imeoza, hapo sikubishii. Na hicho kitu kidogo cha kuchomoa nakijua, ni mimi niliyekifunga kipya mwezi wa pili.

Sasa utajiuliza, gari linalolaliwa na kuku linafungiwa kitu kipya cha nini. Jiulize. Halafu umwulize mama yako, lakini umwulize kama mtoto wake, usimwulize kama mtu wa bima. Mimi nimeahidi kunyamaza, na mdomo huu hauna spana ya kuufungua.

Mtu wa vyuma chakavu usimtume. Nakwambia kama kaka.

Fundi

27 Mei

Mama,

Shikamoo. Sitaficha: nilimwandikia Fundi anisaidie, naye amenijibu kwa mafumbo. Naona mko kitu kimoja, na mimi nimekuwa adui.

Basi niseme lililo moyoni. Unaniandikia kuhusu honi na vioo kana kwamba nimesahau. Sijasahau chochote. Nakumbuka ulivyoniambia mwenyewe siku tunazika, kwamba mlikuwa mnatoka kwa shangazi, baba akazidiwa, akafa palepale, na gari likagoma kuwaka mkakwama barabarani. Kila siku nakagua magari yaliyoua watu. Yana namba, yana ripoti, yanapelekwa kuvunjwa. Lile la kwetu tu ndilo lililoachwa uani kama mgeni wa heshima. Lingekuwa gari zima, pengine daktari angemwahi. Mimi siwezi hata kuliegemea. Nikija kukusalimia napita mlango wa nyuma nisilione, hujawahi kugundua?

Nimeshajaza fomu ya mnunuzi na kutia sahihi: gari chakavu, halitembei. Atakuja Jumamosi tarehe kumi na tano Juni, saa nne asubuhi. Nakuomba uwe kwa shangazi siku hiyo, usilitazame likiondoka.

Nisamehe. Ninafanya hivi kwa kukupenda.

Mwanao

4 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara tano. Kaa chini uisome.

Gari halikugoma. Siku ile lilikuwa zima kama lilivyo leo. Nilikudanganya wewe, nikawadanganya na watu wote waliokuja msibani, na kwa miaka mitatu nimekutazama ukilichukia gari kwa kosa langu mimi. Ukipita mlango wa nyuma nilikuwa nakuona.

Baba yako alikuwa kwenye usukani, mimi kwenye kiti cha mwalimu, miguu kando. Tulipovuka lile daraja dogo akasema kifua kinambana, halafu kichwa kikaangukia usukani. Gari likaanza kwenda lenyewe upande wa mtaro. Nikaikanyaga breki ya mwalimu kwa miguu yote miwili, mara ya kwanza maishani, na gari likasimama na kuzima. Lilizima kwa sababu sikukanyaga klachi. Leo najua. Siku ile nilijua tu kwamba pamekuwa kimya.

Hakufa palepale. Huo ni uongo wa pili. Alizinduka. Nikamvuta mpaka kwenye kiti changu, nikazunguka, nikakaa kwake. Simu haikushika mtandao na barabara haikuwa na mtu. Akaniambia, "Washa, twende." Nikamwambia, "Sijui."

Alifundisha mji mzima, na mkewe anamwambia sijui. Si kwamba sikutaka. Kila mwaka nilimwomba anifundishe, kila mwaka akaniambia, "Mama, uende wapi peke yako, na mimi nipo?"

Basi alinifundisha hapo. Somo langu la kwanza la udereva nilipewa na mtu aliyeshika kifua chake. "Mguu wa kushoto mpaka chini. Sasa uachie polepole." Mguu wangu umezoea cherehani, kisigino na vidole, kisigino na vidole, nikakanyaga vivyo hivyo. Gari likaruka kama chura, likazima. Nikawasha tena, likaruka, likazima. Mara ya tatu liliporuka niliona linamuumiza, nikaondoa mikono. Niliogopa. Tulikaa pale saa nzima, amenishika mkono, na lori la mchanga lilipotokea alikuwa ameshaondoka.

Watu walipouliza kwa nini hatukwenda hospitali nikasema gari limegoma. Gari halina mdomo wa kujitetea.

Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa najifunza. Nakaa, nakanyaga, nabadilisha gia, nataja kila hatua kwa sauti nisisahau. Jirani amesikia mazoezi, hajasikia wazimu. Jumapili Fundi anakaa kwenye kiti cha mwalimu, tunatoka. Mtihani wangu ni Alhamisi tarehe ishirini. Nitaufanya kwa gari hili na si jingine, kwa sababu ndilo lililonishinda na ndilo nililolisingizia. Wewe unataka kulichukua tarehe kumi na tano. Jaribu.

Kwa uongo wangu naomba unisamehe. Kwa gari siombi kitu.

Mama yako

16 Juni

Mdogo wangu,

Ofisini kwako wanasema umetumwa mbali kukagua ajali na simu haipatikani. Kwa hiyo barua ya mama yako bila shaka inakungoja mezani, na hii utaikuta juu yake. Soma ya mama kwanza.

Jana saa nne mtu wako wa vyuma alifika na gari la kuvuta. Mimi nilikuwa pale tangu saa mbili, nimejiandaa kugombana, nimeshapanga na maneno. Sikuyatumia. Mama yako alinipita na ufunguo mkononi, akaingia garini, akaweka kioo sawa taratibu kama anatunga uzi kwenye sindano. Kabla sijaufikia mlango wa pili, gari limeshaondoka.

Peke yake. Kiti cha mwalimu kitupu. Barabarani hakwenda, sheria anaijua, alikata kushoto kuingia kile kiwanja cha mpira nyuma ya nyumba. Honi ikalia, kuku wakatawanyika, jirani akatoka na taulo. Akaanza kukizunguka kiwanja kwa gia ya pili. Nikamkimbilia pembeni nikimwambia atie ya tatu. Akaniambia, "Niache Fundi, nafikiri." Waliokuwa wanacheza mpira wakaketi kando, wakahesabu raundi.

Mtu wa vyuma alisimama na karatasi yako. Akaisoma, akatazama kiwanja, akaisoma tena. Akasema, "Hapa pameandikwa gari halitembei, na sahihi ni ya mtu wa bima. Mimi nachukua yasiyotembea." Nikamwambia, basi angoje gari lisimame. Alingoja raundi nne, ya tano akapanda gari lake akaenda zake.

Mama yako aliegesha pale pale lilipokuwa. Akashuka, akafunga mlango. Akaniambia, "Umeona? Halikuruka hata mara moja." Mimi nilikuwa bado nahema.

Fundi

22 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimerudi jana. Barua yako niliianza nimesimama, kisha nikakaa chini kama ulivyosema.

Nimekukasirikia, na niseme kwa kuwa na wewe umesema. Si kwa kushindwa kuendesha. Baba alikuwa hai saa nzima na mimi sikuambiwa. Ningependa kujua alisema nini. Ningependa kujua alikushika mkono upi. Lakini kila nikiigeuza hasira hiyo, nakuta mwanamke yuko peke yake barabarani na hakuna gari linalopita, na huyo siwezi kumkasirikia.

Kadi ya gari ni hii hapa ndani, nimeihamishia jina lako. Fomu nimeichana. Na gari naliomba radhi, ingawa najiona mjinga kuliandikia hivyo.

Mtihani sijui umekwendaje, simu zangu hupokei. Kama umeshindwa usijitese. Una miaka sitini na sita, na ulichotaka kuonyesha umeshakionyesha pale kiwanjani. Gari likae uani, nitakuwa nakuja nikuzungushe popote unapotaka. Si lazima kila mtu aendeshe. Mkweo haendeshi, alikuwa akiniomba nimfundishe mpaka akaacha mwenyewe, na hatujawahi kukwama. Mimi nipo.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kadi nimeipokea, ahsante.

Alinishika mkono wa kushoto. Baada ya yale ya klachi aliniuliza kama nimefunga bomba la maji nyumbani. Nikamwambia nimefunga. Akasema, "Vizuri." Halafu hakusema tena. Sasa unayo yote niliyo nayo.

Mtihani nimeshindwa. Kurudi nyuma. Nilikigonga kigingi, kikalala, mtahini akaandika. Aliniambia kwa upole kwamba wengi wa rika langu huishia hapo. Nikamuuliza yeye alijifunzia gari gani. Akatazama kiatu chake. Alijifunzia hili hili, na baba yako alimrudisha mara mbili.

Narudia tarehe kumi na nane mwezi ujao. Usije.

Mama yako

21 Julai

Mwanangu,

Leseni ninayo. Vigingi vyote niliviacha wima. Kwenye picha nimekunja uso kama niliyeng'atwa na siafu, lakini jina ni langu na herufi zote zipo.

Sikurudi nyumbani. Nilimshusha Fundi gerejini, nikashika barabara ya kwa shangazi yako mpaka kwenye daraja dogo, nikaegesha pale pale. Nikazima mwenyewe. Nilipokuwa tayari nikawasha, mguu wa kushoto mpaka chini, nikauachia polepole, nikaendesha mpaka mlango wa hospitali, bila kukimbia. Nilitazama saa. Ni dakika kumi na nne.

Nililia kwenye maegesho, sikufichi. Mlinzi akaja kuniuliza kama nimeleta mgonjwa. Nikamwambia hapana, nimechelewa. Hakuelewa, akanionyesha pa kugeuzia. Nikageuza, nikarudi nyumbani kwa gia ya tatu.

Sasa tuje kwako. Uliniandikia kwamba mkweo alikuomba mpaka akaacha. Wewe uliandika kama habari njema, mimi niliposoma nikamsikia baba yako. Baba yako alikuwa mtu mwema kuliko sisi wote, nilimpenda na bado nampenda, na katika hili alikosea. Wewe hutakosea, kwa sababu sitakuruhusu. Nimeshampigia mkweo. Shule zikifungwa anakuja na watoto, na atakaa mpaka apate leseni. Fundi ameshaandikisha jina lake. Kama kuna mtu hapendi, huko kwako kuna jiko, ajipikie.

Siku utakayokuja kumchukua, funguo za gari lako umkabidhi mlangoni kabla hujaingia.

Mama yako